Tabaka Ambalo Halikuandikwa

Kisa hiki kinaanza na ziwa ambalo halipo. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, sehemu kubwa ya Kanada ilikuwa imelala chini ya barafu nene. Barafu ile ilisogea mbele, ikarudi nyuma, ikasogea tena, na kila iliporudi iliacha maziwa ya maji baridi yaliyotuama kati ya vilima. Katika maji yaliyotuama chembe nzito huzama mara moja. Zile nyepesi kabisa, za udongo wa mfinyanzi, hushuka polepole msimu baada ya msimu, hadi zikatandika sakafuni tabaka laini lisilo na kokoto. Barafu iliporejea ililifunika tabaka hilo kwa kifusi chake, mchanganyiko wa mawe, mchanga na udongo ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kwa sululu. Ziwa likasahaulika, msitu ukaota juu yake.

Mahali hapo ni katika eneo la Cariboo, jimbo la British Columbia, karibu na kijiji kidogo kiitwacho Likely. Mwaka 1997 kampuni ya Imperial Metals ilianza kuchimba shaba na dhahabu huko, katika mgodi wa wazi wa Mount Polley. Kazi ni ile tunayoijua kutoka Geita na kwingineko: mwamba unalipuliwa, unasagwa, madini yanachenjuliwa, na kinachobaki ni unga wa mawe uliochanganyika na maji. Sisi Tanzania tumeuzoea kwa jina la topesumu, na pa kuutunza ni bwawa la topesumu. La Mount Polley lilizungushiwa kuta za udongo na mawe pande tatu, upande wa nne ukiwa ni mlima wenyewe.

Kuta za mabwawa haya hazikamiliki siku ya ufunguzi. Hupandishwa hatua kwa hatua kadiri kinu kinavyosaga, kwa hiyo mhandisi anayeandika habari za ardhi leo anaiandikia ardhi itakayobeba mzigo ambao bado haupo. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo litakaloturudisha kwenye lile ziwa. Kufikia 2014, mmoja wa kuta hizo, ule wa pembezoni, ulikuwa na urefu wa takriban mita 40.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2014, siku ya mapumziko katika jimbo hilo, sehemu ya ukuta wa pembezoni iliteleza. Maji hayakuwa yameanza kwa kufurika juu, wala kwa kupenya katikati. Ardhi ya chini ya msingi ndiyo iliyokwenda nje, kilele cha ukuta kikashuka, na maji yaliyokuwa yamejaa nyuma yake yakapata njia. Yakaula ukuta hadi pengo likawa lango. Takriban mita za ujazo milioni 25 za maji na topesumu ziliteremka. Hazeltine, kijito ambacho mtu mzima angekiruka bila kulowa, kikachimbuliwa kuwa bonde la makumi ya mita, miti ikiwa imeng'olewa kulia na kushoto. Tope likaziba njia ya ziwa Polley, kisha likaingia ziwa Quesnel, lenye kina kinachopita mita 500. Hayo ni maji ambayo Wasecwépemc, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wamekuwa wakivua samoni tangu kabla nchi hiyo haijaitwa Kanada. Hakufa mtu. Wakazi walikatazwa kwa siku kadhaa kutumia maji ya mito na maziwa yao.

Kwetu, habari kama hii ikitangazwa, swali la kwanza barazani huwa ni nani alikula rushwa. Nalielewa swali hilo. Ila katika kisa hiki wanaotafuta mwizi hawatampata, na ndiyo maana kina manufaa kukisimulia.

Serikali ya jimbo, pamoja na jamii mbili za Wasecwépemc, iliunda jopo huru la wahandisi watatu: Norbert Morgenstern, Steven Vick na Dirk van Zyl. Walipeleka mitambo, wakachoronga ardhi iliyo karibu na pengo, wakapima sampuli maabara, na tarehe 30 Januari 2015 wakatoa ripoti. Jibu lao lilikuwa kwamba tatizo kuu lilikuwa katika usanifu, na kwamba usanifu ulikosea kwa sababu uchunguzi wa msingi haukuligundua tabaka la mfinyanzi wa ziwa la kale, lililotanda bila kukatika chini ya sehemu ile iliyoanguka. Udongo wa aina hiyo ulijulikana kuwepo kwingineko katika eneo la bwawa. Chini ya ukuta wa pembezoni haukutambuliwa.

Jopo likaongeza jambo ambalo mimi huliona kuwa zito kuliko yote: hata kama wakaguzi wa serikali wangelitembelea bwawa mara nyingi zaidi, ukaguzi huo usingezuia maafa. Mkaguzi hutazama ukuta. Anatafuta nyufa, maji yanayotoka mahali pasipostahili, udongo uliovimba. Kosa lenyewe lilikuwa chini ya miguu yake, na alama ya kumwonyesha haikuwepo.

Ni vizuri tuitazame kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi wetu tunaosomewa ripoti za miradi hatujawahi kuiona. Mtambo wa kuchoronga unasimamishwa. Bomba la sampuli linapigiliwa ardhini kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, na mtu amesimama pembeni akihesabu ni mapigo mangapi yatalizamisha kwa sentimita 30. Mapigo machache, udongo laini. Mapigo mengi, udongo mgumu. Bomba linatolewa, linafunguliwa, na udongo unapasuliwa kwa kisu. Fundi anachukua kipande, anakilowesha, anakiviringisha kwa kiganja kuwa uzi. Ukikatika mapema, mchanga umezidi. Ukikubali kuwa mwembamba hadi milimita 3 bila kuvunjika, hapo kuna mfinyanzi. Anatazama rangi kwa kulinganisha na kadi za rangi, anatafuta mistari myembamba ya mfinyanzi na tope inayopishana, ambayo ni dalili ya ziwa la kale. Kisha anaandika mstari mmoja katika fomu: kijivu, mgumu, kokoto chache, unyevu kidogo. Mstari huo, uliokwaruzwa pengine kwenye baridi au jua kali na mtu anayesubiri gari la kumrudisha kambini, ndio watakaoutegemea wasanifu kwa miaka 20.

Sasa hesabu nafasi. Kwa kawaida sampuli hizi huchukuliwa kila baada ya mita 1.5, na bomba hushika sentimita 45 tu. Kati ya sampuli moja na inayofuata kuna zaidi ya mita nzima ambayo hakuna mkono ulioigusa. Tabaka la sentimita 80 linaweza kupita humo likanyamaza. Na hapo tunazungumzia shimo moja, kwenda chini. Kati ya shimo na shimo kuna makumi ya mita, wakati mwingine mamia, na shimo lisilofika kina halisemi lolote kuhusu kilicho chini yake. Mchoraji anayaunganisha mashimo kwa mstari wa nukta na alama ya kuuliza. Hilo ni halali, kila mtu hufanya hivyo. Ubaya ni kwamba alama ya kuuliza haina umri mrefu. Katika ripoti ya kwanza ipo, katika ya pili imefanywa ndogo, katika ya tatu mchoro umesafishwa na nukta zimekuwa mstari mzima. Hapo kisichojulikana kimeshageuka kuwa kilichothibitishwa, na aliyekithibitisha hayupo.

Tatizo halikuishia kwenye tabaka kutotambuliwa. Hata aliyekuwa na mfinyanzi huo mkononi angeweza kuusifia ugumu wake, na asiseme uongo. Barafu ilikuwa imeukandamiza kwa uzito wake enzi hizo, ukakaza. Udongo wa namna hii huhifadhi kumbukumbu ya mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuubeba. Ukiupa mzigo mdogo kuliko huo, unasimama imara. Ukiuvusha mpaka huo, mpangilio wa chembe zake unaanza kulegea, na maji yaliyo katikati ya chembe yanatafuta pa kutokea. Katika mchanga yangetoka upesi. Katika mfinyanzi hayatoki upesi, kwa hiyo mzigo unabebwa na maji badala ya chembe, msuguano unapungua, na tabaka zima linakuwa tayari kuteleza. Ukuta wa mita chache ulikaa salama juu ya udongo ule. Ukuta wa mita 40 ulikuwa umeuvusha mpaka wake. Udongo uliokuwa na nguvu ya kutosha mwaka 1997 haukuwa nayo mwaka 2014, na ulikuwa ni ule ule, mahali pale pale.

Kwa hiyo neno "imara" katika ripoti ya udongo, peke yake, halina maana. Imara chini ya mzigo gani? Wa leo au wa hatua ya mwisho ya bwawa? Ripoti isiyojibu hayo imeeleza ardhi ya kupandia miti.

Yapo mengine yaliyolizidisha tatizo. Mteremko wa nje wa ukuta ulikusudiwa katika usanifu kuwa wa mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda. Siku ya kuanguka ulikuwa wa mita 1.3 kwa 1, mkali mno, hali iliyoanza kwa ahadi kwamba ni ya muda tu. Jopo lilisema mteremko ungelainishwa ulivyokusudiwa, ukuta usingeanguka. Mkaguzi Mkuu wa Migodi wa jimbo, katika ripoti yake ya Desemba 2015, alitaja pia shimo lililokuwa limechimbwa mguuni mwa ukuta, na maji kuwa mengi kupita kiasi bwawani. Eneo hilo hupata mvua na theluji nyingi, na hesabu ya maji yanayoingia na yanayotoka ilikuwa imeelemea upande wa kuingia. Bwawa la topesumu likiwa salama, tope hutanda karibu na ukuta kama ufuko mpana, na maji hukaa mbali. Hapo Mount Polley ufuko ulikuwa haba, maji yameegemea ukuta. Ndiyo maana kuteleza kwa ardhi kukageuka mafuriko.

Mkaguzi huyo huyo hakuona kwamba mgodi ulivunja kanuni zilizokuwepo. Soma tena sentensi hiyo. Vibali vilikuwepo, wahandisi walikuwa na leseni, ripoti zilipelekwa ofisini. Mei 2016 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo, Carol Bellringer, alikosoa vikali usimamizi wa migodi wa serikali, na baadaye chama cha wahandisi cha jimbo kikawaadhibu wahandisi watatu. Lakini kwa miaka 17 kila mtu alikuwa akimtegemea mwenzake. Mjenzi alimtegemea msanifu, msanifu aliichukua ripoti ya udongo kutoka kwa waliotangulia, serikali ikaitegemea sahihi ya msanifu. Mwisho wa mnyororo huo wote palikuwa na mashimo yasiyotosha.

Sasa tuje nyumbani, maana njia si ndefu. Wazo kwamba udongo haubadiliki ovyo, hubadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha mlima hadi bondeni, liliwekwa katika sayansi na mtu aliyefanya kazi Tanganyika. Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, aliupa mpangilio huo jina la katena katika miaka ya 1930, naye aliupata kwa kutembea Afrika Mashariki. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakijua jambo hilo kabla hajafika. Juu kwenye miinuko ni luseni, wa kichanga. Ukishuka unakutana na itogolo, wenye tabaka gumu chini. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa ng'ombe ukanasa. Mzee wa Shinyanga akioneshwa mashimo mawili yaliyochorongwa juu ya mwinuko, akaambiwa kwamba yanaeleza pia bonde, atacheka. Hajasoma uhandisi, lakini jembe lake limefika kwenye itogolo.

Watu wa namna hiyo mara nyingi huulizwa mambo mengine. Timu ya tathmini ya athari kwa mazingira ikifika kijijini, inauliza una wake wangapi, nyumba ya bati au nyasi, mifugo mingapi. Ni maswali ya lazima kwa ajili ya fidia, sina ugomvi nayo. Nadra kumsikia mtaalamu akiuliza: mzee, hapa maji ya chini hutokeza wapi mvua ikizidi? Kisima gani hukauka kwanza? Ni wapi gari hunasa hata kiangazi? Majibu hayo hayachukui nafasi ya mtambo, lakini yanaweza kumwambia mwenye mtambo mahali pa kuusimamisha.

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, mkoani Shinyanga, ulipasuka. Kwa bahati hakuna aliyepoteza maisha, ila tope lilitoka nje ya eneo la mgodi na kuharibu mashamba na makazi ya watu. Sisemi chanzo chake ni kama cha Mount Polley. Mabwawa huanguka kwa sababu nyingi. Nalitaja ili asiwepo wa kusema kwamba haya ni mambo ya nchi za theluji. Zambia, Februari 2025, bwawa la topesumu la mgodi wa shaba karibu na Chambishi lilipasuka na kumwaga maji yenye asidi kwenye mkondo unaoingia mto Kafue. Na walio Brazil wanajua zaidi yetu sote: Mariana, Novemba 2015, walikufa watu 19; Brumadinho, Januari 2019, watu 270. Baada ya Brumadinho, Agosti 2020, kikatolewa kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya topesumu. Kiwango hicho kinataka maarifa kuhusu eneo yaandikwe mapema na yahuishwe katika maisha yote ya bwawa, badala ya kufungiwa kabatini siku leseni inapotoka.

Kuhusu maji niseme jambo moja tu, kwa kuwa ndilo linalozaa ugomvi mwingi vijijini. Maji ya mahali hayaelezwi kwa kipimo cha siku moja. Kisima kinachopimwa Aprili, masika yamepamba moto, kitasifiwa. Kipime tena Septemba. Pima usawa wake, uchachu wake, chumvi zake, metali zake, kwa misimu yote, kabla baruti ya kwanza haijalipuliwa. Miamba mingi yenye dhahabu na shaba ina madini ya salfaidi, ambayo yakipata hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali nyingine. Miaka kumi baadaye maji yakibadilika ladha, mwanakijiji atasema ni mgodi, kampuni itasema yalikuwa hivyo tangu zamani. Pasipo takwimu za mwanzo, wote wawili watakuwa wanabahatisha, na katika kesi ya kubahatisha mwenye mawakili ndiye hushinda. Kampuni yenye busara huzitaka takwimu hizo kuliko hata wanakijiji.

Jopo la Mount Polley lilipiga hesabu kwamba mambo yakiachwa yaendelee yalivyo, British Columbia ingetarajia mabwawa mawili kuanguka kila miaka 10. Hilo ni jimbo lenye maabara, vyuo vikuu na wahandisi ambao wengine husafiri dunia nzima kuwafundisha wenzao. Sisi tuna mabwawa, tuna leseni mpya kila mwaka, na tuna wachorongaji hodari. Hodari sana, kusema kweli, pale wanapotafuta dhahabu. Shimo la kutafuta dhahabu huenda mamia ya mita, na kila sentimita ya mwamba hupangwa kwenye trei, hupigwa picha, huandikwa namba. Huo huo uangalifu ukihamishiwa kwenye udongo wa chini ya bwawa, watu husema gharama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 Tanzania, na ile ya mwaka 1999 Kenya, zinampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni kabla mradi haujaidhinishwa. Mkutano utaitishwa shuleni au chini ya mwembe, mtaalamu atasimama na slaidi zake, soda zitagawiwa. Wengi watauliza ajira na fidia, na wana haki. Wewe simama uulize haya: mashimo mangapi yamechorongwa pale ukuta wa bwawa utakapopita, si pale dhahabu ilipo? Yamefika kina gani, na nani aliamua yaishie hapo? Kati ya shimo na shimo kuna umbali gani? Udongo wa chini umepimwa kwa uzito wa ukuta wa mwaka wa kwanza au wa mwaka wa ishirini? Visima vyetu vimepimwa masika na kiangazi? Huhitaji digrii kuuliza hayo, na mtaalamu aliyefanya kazi yake atafurahi kuulizwa. Ukijibiwa kwamba maelezo yote yamo kwenye kiambatisho, omba kiambatisho, na usisaini karatasi ya mahudhurio hadi ujue kitaletwa lini.